Mwendo Usiodai Msukumo: Fizikia ya Ngomeni

Tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa kwa miguu ya chuma baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota, nayo ikaitwa Uhuru. Warushaji walikuwa Waitalia wa mradi wa Profesa Luigi Broglio. Wamarekani walikuwa na kituo chao cha kurushia Scout huko Wallops, Virginia. Mbona basi wakaileta hadi huku? Nadai kwamba jibu limo katika kanuni moja ambayo akili huikataa inapoisikia mara ya kwanza: kitu kilichomo mwendoni hakihitaji kani ili kiendelee, kani huhitajika kuubadilisha mwendo, iwe kasi yake au mwelekeo wake.

Mpinzani atasema mkokoteni usiposukumwa husimama. Ni kweli, lakini unasimamishwa na kani nyingine, msuguano wa magurudumu na barabara. Punguza msuguano, nao utakwenda mbali zaidi. Newton aliiandika kanuni hii mwaka 1687, lakini Pierre Gassendi alikuwa ameshaijaribu baharini mwaka 1640: jiwe lililoachiwa kutoka juu ya mlingoti wa merikebu iendayo lilianguka chini ya mlingoti ule ule, halikubaki nyuma. Jahazi lolote liendalo Lamu litakupa jibu hilo hilo. Na ndiyo sababu hatuhisi kwamba Ngomeni, pamoja na hewa yake na bahari yake, inakimbia kuelekea mashariki kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa dunia inapojizungusha. Mwendo huo unapinda, nakubali, na kupinda kunadai kani; ila kinachodaiwa ni takriban sehemu moja kati ya 290 ya mvutano wa dunia, kiasi ambacho mwili hauwezi kukitambua.

Roketi inayoelekea mashariki kutoka hapa huanza safari na kasi hiyo bila kuchoma hata chembe ya fueli. Lakini setilaiti ya kimo cha Uhuru, takriban kilomita 550, huhitaji takriban kilomita 27,000 kwa saa. Zawadi ya Ngomeni ni asilimia 6 tu, na Wallops nayo ina yake, takriban 1,320. Je, tofauti ya kilomita 350 inafaa kuvukiwa bahari? Peke yake, pengine haifai. Uzito wa hoja uko kwenye mwelekeo. Uhuru ilitakiwa izunguke karibu kabisa na ikweta, ikwepe eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe za mnururisho huvuruga vipokezi. Njia inayoanzia Wallops, nyuzi 38 kaskazini, huinama kwa nyuzi kama hizo dhidi ya ikweta, na kuinyoosha baadaye angani kungegharimu badiliko la mwendo linalozidi nusu ya kasi yote ya setilaiti. Scout, roketi ndogo, isingeliweza. Kutoka nyuzi 3 kusini hapakuwa na kitu kikubwa cha kunyoosha.

Wengi hudhani setilaiti haianguki kwa kuwa imeuvuka mvutano wa dunia. Kwenye kimo cha kilomita 550 mvutano ungali takriban asilimia 85 ya huu wa ardhini. Huo ndio unaoipinda njia yake kila dakika; bila huo ingekwenda moja kwa moja isirudi. Na kama mwendo haudai msukumo, kwa nini Uhuru iliporomoka mwaka 1979? Kwa sababu hata huko juu kuna hewa, japo nyembamba mno, na msuguano wake mdogo ulifanya kazi kwa zaidi ya miaka minane. Ajabu ni kwamba haikupungua kasi: kila iliposhuka kidogo mvutano uliiongezea mwendo zaidi kuliko hewa ilivyoupunguza, ikawa inakimbia zaidi kadiri ilivyokaribia hewa nzito.