Ngalawa Ikipinduka, Usiiache

Wiki hii nina neno na wale wanaopanda ngalawa siku za mapumziko huku wakijisifu kuwa wanajua kuogelea. Nami nilikuwa hodari wa kujisifu hivyo.

Ilikuwa Julai, kusi imechachamaa. Tulitoka Kunduchi, vijana watatu na mzee mwenye chombo, tukielekea kisiwa cha Mbudya. Mzee akaona maji yanabadilika rangi upande wa upepo, akaniambia, "Mwanangu, teremsha tanga." Nilikuwa nimeshika henza, ile kamba ya kupandishia foromali. Nikamjibu, "Bado kidogo, mzee, tunakaribia." Upepo ulipotupiga, hata kulegeza demani hatukuwahi. Tukapinduka.

Kisiwa kilionekana karibu mno. Mwenzetu mmoja akaanza kuogelea. Mzee akampigia kelele: "Rudi! Shika tengo! Mti hauzami!" Alirudi akihema, maana mkondo ulikuwa ukimvuta kando. Tukaning'inia hapo mpaka wavuvi walipotuona. Na waliona ngalawa, si vichwa vyetu. Kichwa cha mtu katikati ya mawimbi hakionekani.

Msidhani haya ni ya ngalawa peke yake. Agosti 1979, katika mashindano ya Fastnet, dhoruba ilizikumba mashua za matanga kati ya Uingereza na Ireland. Zilikuwa zimeanza 303, na washindani 15 walikufa. Mashua 24 ziliachwa na mabaharia wake, baadhi yao wakahamia kwenye maboya ya mpira, na wako waliofia huko. Baadaye mashua 19 kati ya hizo zilikutwa zingali zinaelea!

Basi, jaketi la kujiokolea livaliwe ufukweni, lisikaliwe kama mto. Chombo cha kufulia maji kifungwe kwa kamba. Aliyebaki pwani aambiwe saa ya kurudi. Lakini kubwa ni tanga: lishushwe ungali unajiuliza kama kuna haja. Ukishapata hakika, mikono haitoshi tena.

Tulipofika Kunduchi mzee hakutugombeza. Aliikagua foromali, akaikunja henza taratibu, akauliza ni nani aliyekuwa ameishika.

Sikujibu. Wenzangu wakanitazama.