Ufunguo wa Sanduku la Nyumbani



Tunawashukuru kwa kutualika katika siku hii ya kufunga darasa lenu la kisomo. Mwalimu wenu alitutaka tuseme machache juu ya maisha ya nyumbani na imani ya Kikristo. Tulikubali upesi, maana mchungaji hakosi maneno. Lakini jana usiku, tulipokaa kuyaandika haya, tuliona aibu kidogo. Ndoa yetu ina miaka saba tu. Hapa mbele yetu wameketi wazee waliooa kabla sisi hatujazaliwa. Tuwafundishe nini wazee hawa?

Basi tumeamua tusiwafundishe. Tutawasimulia kosa letu sisi wenyewe, nanyi mtaangalia kama lina faida kwenu. Na tunaposema "sisi", msidhani tunamsukumia mama watoto nusu ya lawama. Kosa lilikuwa letu sisi tunaovaa kola.

Ninyi mnaijua nyumba ya mchungaji wa usharika wa shamba. Ni nyumba isiyofungwa mlango. Asubuhi anakuja mtu mwenye msiba. Bado hajaondoka, wanakuja wawili wanaogombania mpaka wa shamba. Mchana anapita mwinjilisti, jioni wanakuja wanakwaya. Wote ni wageni, na huku kwetu Kagera mgeni hakaribishwi kwa mdomo mtupu. Ukimpa kahawa ya kutafuna, atashukuru, lakini macho yake yanatafuta birika. Na nani anayechochea moto? Mama. Nani anayejua kwamba sukari imekwisha? Mama. Lakini pesa ya sukari anayo nani? Hapo ndipo hadithi yetu inapoanzia.

Mshahara wetu unatokana na sadaka. Msimu wa kahawa kapu hujaa, na baada ya ibada mnada wa ndizi, mayai na maharage huchangamka. Msimu ukipita, kapu linapwaya. Kwa hiyo tulijiona watu wenye akili sana kwa kuweka pesa zote katika sanduku la bati chini ya kitanda na kulifunga kwa kufuli. Ufunguo ulikaa katika mfuko wa koti letu. Koti likienda, ufunguo unakwenda.

Mama alikuwa akiomba. Leo anaomba ya chumvi, kesho ya mafuta ya taa, keshokutwa ya sabuni. Sisi tunauliza, "Juzi si nilikupa?" Halafu tunatoa, tena tunahesabu mbele yake polepole, kama mweka hazina anayemlipa kibarua. Hatukuwa tukigombana. Watu walisema tuna nyumba ya amani, na sisi tukaamini hivyo.

Mwaka 2022, mwezi wa tano, mvua za masika zilikuwa bado zinanyesha. Siku ya Ijumaa tuliondoka kwenda mtaa wa mbali wa usharika wetu. Kazi ilikuwa kuwapima watoto wa kipaimara na kubatiza siku ya Jumapili. Tulivaa koti kwa sababu ya baridi. Ufunguo ulikuwa mfukoni.

Jumamosi asubuhi mtoto wetu wa kwanza alipata homa. Alikuwa na miaka mitatu. Mama alimwogesha maji ya vuguvugu, akampa kidonge cha kushusha homa. Homa ikashuka, kisha ikapanda tena. Akatupigia simu. Simu yetu ilikuwa imezima, kule hakuna umeme. Kituo cha afya kiko mbali, na kwa mvua ile mwenye bodaboda alitaka shilingi 10,000. Mama alikuwa na shilingi 1,200. Ndani ya sanduku, chini ya kitanda alichokuwa amemlaza mtoto, kulikuwa na shilingi 38,000.

Tunaomba mfikirie jambo hilo kidogo. Mtoto yuko juu ya kitanda, pesa ziko chini ya kitanda, na kati yao kuna kufuli. Mama alishika panga avunje, akaogopa. Tulipomwuliza baadaye kwa nini aliogopa, alijibu, "Ningeonekana mwizi katika nyumba yangu."

Usiku mtoto akashikwa na degedege. Macho yakageuka, mwili ukakakamaa. Mama alipiga yowe. Aliyekuja kwanza ni jirani yetu Mwislamu, mwenye pikipiki. Hakuuliza habari ya pesa. Alimpakia mama na mtoto, akawafunika kwa turubai lake la kuanikia kahawa, wakaenda katika giza na utelezi. Mhudumu wa zamu alimtoboa mtoto kidole, akapima damu. Ilikuwa malaria, tena kali. Akachomwa sindano usiku uleule.

Tunasema hapa kwa wenye watoto wadogo: degedege si pepo. Malaria ikizidi inaweza kuingia hata kwenye ubongo. Mtoto wa chini ya miaka mitano akiwa na homa, apelekwe kupimwa siku ileile, asisubiri kesho. Dawa ya mseto hufanya kazi vizuri ikianzwa mapema, na imalizwe yote hata kama mtoto ameanza kucheza. Akishindwa kunyonya au kula, akitapika kila kitu, akilegea au akikakamaa, huo ni ugonjwa wa kukimbia nao. Wengine watatuuliza, "Mchungaji, na maombi je?" Ombeni. Maombi yanaombeka hata juu ya pikipiki.

Sisi Jumapili ile tulihubiri. Tulihubiri vizuri, watu walisema hivyo. Somo lilikuwa upendo wa Mungu Baba. Tukabatiza watoto wanane. Tukapewa kuku wawili na mkungu wa ndizi, tukarudi jioni tukiimba njiani. Tulikuta nyumba imefungwa. Mke wa jirani ndiye aliyetueleza.

Tulifika kituoni usiku. Mtoto alikuwa amelala, anapumua vizuri. Mama alikuwa ameketi sakafuni. Siku zote hutuita baba wa mtoto wake. Siku ile alisema, "Mchungaji, ungeacha ufunguo." Basi. Hakuongeza neno. Afadhali angegomba.

Ndugu zetu, tulikaa siku nyingi tukijiuliza kwa nini tulikuwa tukiufunga ule ufunguo mfukoni. Mama si mfujaji. Hata siku moja hajapoteza senti. Ukweli ni kwamba baba yetu alifanya hivyo, na babu alifanya hivyo. Huku kwetu kahawa ni ya mwanamume, maharage ni ya mwanamke. Mama anapalilia mgomba na mbuni, anachuma, anaanika, anaanua mvua ikija. Lakini siku ya kupima kahawa kwenye mzani, anayekwenda kusaini ni baba. Tuliyaona hayo tukiwa watoto, tukayapeleka mpaka chuo cha theolojia, tukarudi nayo yakiwa mazima.

Tulianza kusoma Biblia upya, safari hii tukitafuta habari za nyumbani. Tulikutana na Eli, katika Samweli wa Kwanza. Alikuwa kuhani, alihudumu hekaluni, alimlea kijana Samweli vizuri. Lakini nyumba yake mwenyewe ilimshinda. Mtume Paulo naye, katika waraka wa kwanza kwa Timotheo sura ya 5, anasema kwa ukali kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ni mbaya kuliko asiyeamini. Tulikuwa tumeusoma mstari huo mara nyingi. Tulidhani unawahusu walevi.

Mzee mmoja wa kanisa alipotusikia tukisema hivi, alitukatiza. "Kijana, Biblia inasema mume ni kichwa." Ni kweli, mzee wetu, imo katika Waefeso sura ya 5. Lakini tusome mbele kidogo. Sura hiyohiyo inamtaka mume ampende mkewe jinsi Kristo alivyolipenda kanisa, na Kristo alijitoa nafsi yake yote. Sisi tulikuwa tumeshindwa kutoa kipande kidogo cha chuma. Tena tukamwonyesha Luka sura ya 8. Wamo akina mama waliomfuata Yesu, Yoana na Susana na wengine, wakimhudumia yeye na mitume kwa mali zao. Kumbe walikuwa na mali mikononi! Mzee alicheka, akasema atakwenda kuisoma mwenyewe. Hiyo ndiyo faida ya kujua kusoma.

Na sisi Walutheri tunapenda kumtaja Martin Luther. Tunamtaja sana kwa imani, kwa nyumba yake tunamtaja kidogo. Alikuwa mtawa. Mwaka 1525 alimwoa Katharina von Bora, mwanamke aliyekuwa ametoroka katika nyumba ya masista. Walizaa watoto sita. Wawili wa kike walikufa, mmoja akiwa mchanga mwaka 1528, mwingine akiwa na miaka 13, mwaka 1542. Kwa hiyo Luther alijua maana ya kukaa kando ya kitanda cha mtoto mgonjwa. Mkewe alilima, alifuga nguruwe, alipika pombe ya nyumbani, alilisha wageni na wanafunzi waliojaa ndani. Mnaona? Hata kule Ujerumani nyumba ya mchungaji haikufungwa mlango. Luther mwenyewe hakuwa hodari wa kutunza pesa, alizigawa tu. Aliyeiendesha nyumba ni mama.

Kuna mambo mawili aliyoandika yaliyotushangaza. La kwanza, mwaka 1522, hata kabla hajaoa, aliandika kwamba baba akifua nepi za mtoto kwa imani, watu wanaweza kumcheka, lakini Mungu na malaika wanafurahi. La pili, mwaka 1542 aliandika wosia akamwachia mkewe mali, ingawa desturi ya sheria kule ilitaka mjane asimamiwe na mwanamume. Alisema kwa vitendo: mama huyu anaweza.

Nasi huku kwetu tuna yetu. Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza iliamua kesi iliyotoka Kagera, ya mama aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, ukoo ukasema mwanamke hana ruhusa ya kuuza. Jaji Mwalusanya alisema anayo, sawasawa na mwanamume. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Tunataja haya kwa kupita tu. Siku nyingine mwiteni mtu wa sheria awaeleze vizuri kuliko sisi.

Haya, turudi nyumbani. Hapa Kagera tangu miaka ya 1930 ndugu wa uamsho walifundisha watu kutubu waziwazi, mume kwa mke, mkubwa kwa mdogo. Sisi tulikuwa hodari wa kuwaalika wengine watubu. Safari hii ilikuwa zamu yetu. Tulitubu kwa mama jikoni, moshi ukitutoa machozi, hivyo hakujua yapi ni ya moshi na yapi ni ya toba. Kisha tukaenda kwa jirani. Pesa ya petroli aliikataa kabisa. Kuku alimpokea.

Tulinunua daftari. Upande wa kushoto tuliandika ILIYOINGIA, upande wa kulia ILIYOTOKA. Kila Jumapili jioni tunaketi wote wawili tunaandika. Mama aliacha shule darasa la nne, akaendelea na kisomo kama ninyi. Herufi zake ni kubwa, na hesabu zake hazikosi. Zetu hukosa. Mwezi wa kwanza daftari lilituambia kwamba tumekunywa kilo 6 za sukari. Sita! Tulikuwa tukimlaumu mama, kumbe ni wageni wetu sisi. Mama akatoa shauri: asubuhi mgeni apewe uji, na jioni kahawa ya kutafuna. Wapo walionung'unika. Hawajaacha kuja.

Tena tulitenga shilingi 20,000 katika kopo. Ni pesa ya ugonjwa. Haiguswi kwa sukari wala kwa mchango wa harusi. Namba ya siri ya simu tunaijua wote wawili, na hiyo haiandikwi daftarini. Ufunguo umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango.

Tusiwadanganye, haikuwa rahisi. Mara mbili tulikuta pesa imetumika bila sisi kuulizwa, na moyo ulichemka. Tulifungua daftari tukakuta imeandikwa: jembe moja, nauli ya kumzika shangazi. Tungeulizwa tungekataa? Hapana. Kilichotuuma ni kutokuulizwa. Mama alituambia, "Sasa unajua nilivyokuwa ninajisikia." Bado tunajifunza.

Daftari tumekuja nalo. Baada ya mazungumzo haya anayetaka kuona namna lilivyopigwa mistari aje na penseli yake anakili. Mama ndiye atakayewaeleza, maana yeye analijua zaidi. Ila amalize kabla ya saa kumi, leo ana mkutano wa kikoba. Sisi tutatangulia, zamu ya kupika ni yetu, na mtoto yule yule, sasa mzima na mwenye njaa kila saa, anatoka shuleni saa tisa.