Mguu wa Bandia Uhisio Ardhi
Aliyekatwa mguu kwa ajali, kisukari au sumu ya nyoka aitwaye moma, hata akivishwa mguu wa bandia ulio madhubuti, huuvuka mchanga wa mito yetu mikavu macho yakiwa chini, kwa kuwa wayo wake haumpi habari yoyote. Mwaka 2019 wataalamu wa Zurich na wenzao walitangaza kwamba watu wawili waliokatwa juu ya goti, baada ya kutiwa vihisio kwenye wayo na goti la bandia, vikipeleka habari kwa umeme hadi mshipa wa fahamu pajani, walitembea mchangani kwa kasi na yakini zaidi, na maumivu ya mguu usiokuwapo yakapungua. Ni fani adhimu, walakini ingali katika majaribio. Miguu ya kawaida, ambayo nayo ni neema kubwa, hutengenezwa hapa Kenya na chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK.