Rubani na Ngazi Yake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Nairobi)



Sisi tukaao Kangemi na Kawangware twaona kila siku malori yakipanda barabara ya Waiyaki kwenda Uganda. Mizigo mingi ile imetoka Kilindini, nayo meli iliyoileta iliongozwa na rubani mpaka gatini. Vijana wakisikia rubani hufikiri ndege, kumbe neno hili ni la baharini tangu zamani.

Mwaka 1498 Vasco da Gama alipita pwani yetu bila kuijua njia. Rubani mmoja aliyechukuliwa Msumbiji alisema visiwa fulani ni bara. Akapigwa viboko, na kisiwa kile Wareno wakakiita Aliyechapwa. Walipofika Mombasa, marubani wawili walijitupa majini wakakimbia. Hatuwalaumu! Rubani aliyetolewa na mfalme wa Malindi ndiye aliyewafikisha Bara Hindi, muda usiotimia mwezi.

Siku hizi rubani wa Mombasa ni mtumishi wa Halmashauri ya Bandari, iliyoundwa mwaka 1978. Hutoka kwa mashua kuilaki meli baharini, akapanda ubavuni kwa ngazi ya kamba, huku mashua na meli zote zaenda na mawimbi yapiga. Akifika juu humwongoza nahodha kuingia mlango wa Likoni, mahali feri zikatizapo. Amri hubaki kwa nahodha.

Sheria ya mataifa yasema ngazi ya kamba isipandwe zaidi ya mita 9. Ubavu ukizidi hapo, iunganishwe na ngazi nyingine ya meli. Tena ofisa asimame hapo kuangalia. Lakini ngazi ni mali ya meli. Tajiri akibania fedha ya kamba mpya, roho inayoning'inia si yake. Marubani wa dunia waliunda chama chao mwaka 1970, na kila mwaka huhesabu ngazi mbovu. Bado ni nyingi. Mwaka 2003 shirika la bahari la Umoja wa Mataifa lilikiri kwamba rubani ana haki kukataa meli iliyo hatari kwa safari.

Nasi je? Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 yamkataza tajiri kumrudisha mfanyakazi penye hatari kubwa isiyorekebishwa, iliyokwisha kuripotiwa. Wangapi wetu waijua? Wanachama walio katika majengo ya Westlands, tuleteeni habari za ngazi na majukwaa yenu kabla ya mkutano ujao.