Presha si Urithi wa Ukoo: Shinikizo la Damu na Majeraha ya DNA kwa Vijana



Jinsi figo zinavyoratibu chumvi na maji mnajua, sitarudia. Nimesimama hapa kwa sababu ya kauli moja: "Presha ni ya ukoo." Naisikia wodini, naisikia hata vikaoni mwa wasomi, ikiwa imevishwa joho la vinasaba. Mdogo wangu aliambiwa hivyo akiwa na miaka 26. Kipimo kilisoma 160 kwa 100. Akaulizwa kama mama ana presha, akaitikia, faili likafungwa. Hakuna aliyemuuliza anakula nini.

Kurithi kupo, sibishi. Jeni zinazohusika ni nyingi, na nyingi kati yake huongeza kidogo tu. Lakini nani atanieleza habari ya vijana wa Kijaluo? Utafiti wa Poulter na wenzake juu yao, uliochapishwa mwaka 1990 katika British Medical Journal, naufundisha kila mwaka na haujanichosha. Vijana hao walitoka vijijini kando ya Ziwa Victoria wakahamia Nairobi. Watafiti hawakungoja wazeeke. Waliwapima mapema, wakarudia tena na tena, wakiwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Haikupita miezi mingi, presha ya wahamiaji ikawa juu. Mkojo wao ukatoa ushahidi: sodiamu imepanda, potasiamu imeshuka. Chakula kilikuwa kimebadilika. Ukoo ulikuwa ule ule! Safari ya basi haibadilishi jeni za mtu.

Vinasaba basi vinaingia wapi? Vinaingia kama majeruhi. Panya wakizidishiwa angiotensini, homoni inayobana mishipa, seli za figo na moyo huzalisha oksijeni kali inayojeruhi DNA. Jeraha la namna hii huonekana kwa macho. Seli hutandazwa kwenye kioo ndani ya jeli, utando wake ukayeyushwa, kisha umeme ukapitishwa. Chini ya hadubini, seli nzima hubaki duara kama mwezi mpevu. Iliyojeruhiwa huota mkia: vipande vya DNA vimevutwa kuelekea ncha chanya. Asiyerithi chochote kibaya anaweza kuwa na mkia huo.

Mpinzani atanikumbusha kwamba kwa kawaida chumvi nyingi hushusha angiotensini ndani ya damu. Ni kweli. Sigara na kisukari nazo hujeruhi DNA; hilo pia ni kweli. Nimeyapima yote hayo, na bado nasema: tuanzie chunguni. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai.

Ombi langu ni dogo. Siku ya usajili chuoni, kila mwanafunzi avishwe mkanda wa kupimia presha mkononi. Na kabla hajaulizwa habari za mama yake, aulizwe jana alikula nini.