Ngozi ya Boti na Namba Yake
Maneno tuliyowaambia wavuvi na wasafirishaji wa ziwani, Bujumbura

 

Huenda mtu akajiuliza: polisi na rangi ya boti, wapi na wapi? Tutamjibu kwa kisa. Alfajiri moja, karibu na mpaka wa majini, doria iliisimamisha boti ya faiba. Namba ya ubavuni ilikuwa imefifia hata haisomeki. Palipokuwa na herufi palibaki unga mweupe. Mwenyewe alikuwa mtu mwema, ila karatasi zake zilikuwa nyumbani. Hadi zilipoletwa, jua lilikuwa limefika utosini na samaki wake wameharibika. Doria ilitimiza wajibu wake, naye mvuvi hakuwa mwizi. Lakini chakula cha nyumba yake kilioza mbele ya macho yake. Boti ilikuwa imekosa ulimi wa kumtetea mwenyewe.

Tuanze basi na ngozi ya boti. Faiba haiozi kama mbao, na kwa sababu hiyo wengi hudhani haihitaji matunzo. Juu ya nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa rezini kuna tabaka jembamba liitwalo jelikoti, lenye unene wa karibu nusu milimita tu. Tabaka hilo ndilo ng'ao ya boti. Sisi tunaishi karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na uso wa ziwa letu uko zaidi ya mita 760 juu ya bahari. Jua hutupiga kwa ukali, na maji huurudisha mwanga wake ubavuni mwa boti. Mwaka baada ya mwaka jelikoti hufa usoni, hupauka, kisha hugeuka unga.

Mjue kutofautisha weupe na weupe. Pitisha kitambaa cheusi kikavu ubavuni: kikitoka na unga kama chaki, hiyo ni kazi ya jua. Lakini maji ya Tanganyika yana magadi na madini, nayo yakikauka huacha utando mgumu karibu na mstari wa maji. Utando huo hauhitaji msasa. Siki iliyochanganywa na maji, ikifuatwa na suuza ya kutosha, huulainisha.

Ama kwa weupe wa jua, kazi huenda hivi. Ivute boti nchi kavu, iweke kivulini, uioshe kwa maji na sabuni laini, kisha uiache ikauke. Ikiwa imepauka kidogo, dawa ya kusugulia rangi ya magari, ile isiyo kali, yatosha. Ikiwa imekuwa unga mtupu, tumia msasa wa maji: anza na namba 800, endelea na 1000, umalizie na 1500. Kumbuka kwamba namba ikipanda msasa huwa laini, wala usiruke hatua. Sugua sehemu ndogo ndogo, kwa mkono mwepesi. Mwenye pupa hula ng'ao yote akafika kwenye nyuzi, na hapo amejiletea hasara kubwa kuliko ya jua. Baada ya msasa, pitisha dawa ya kusugulia mpaka mng'ao urudi, kisha paka nta ya boti. Nta ndiyo mwavuli. Mwagia maji ubavuni: yakisimama matone matone, nta ingalipo, yakitandaa, wakati wa kupaka tena umefika. Kwa jua letu, usiache miezi minne ipite bila kulitazama jambo hili.

Mkiona ufa, msiufunike kwa nta wala kwa rangi. Maji yakiingia ndani ya nyuzi, boti huwa nzito, huota malengelenge, na mahali hapo hudhoofika. Ufa ulio karibu na shetri, injini inapofungwa, aitiwe fundi kabla boti haijarudi majini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasema wahenga. Nasi twaongeza kwamba ziwani hakuna ukuta wa kujenga. Kina cha ziwa hili hufika mita 1,470, na upepo wa usiku haumngoji mtu.

Fundi naye ajilinde. Vumbi la faiba hukata koo na kuwasha ngozi: avae barakoa, miwani na mikono mirefu. Rezini na dawa yake ya kugandisha havikai pamoja na sigara wala jiko la mkaa, na watoto wawekwe mbali. Mabaki yote yakusanywe, yasisukumwe ziwani. Nchi zetu nne, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini huko Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 mkataba wa kulitunza ziwa hili; unga wa msasa na makopo ya rangi hayamo katika chakula cha mukeke.

Sasa turejee kwenye namba. Wezi wa boti hufanya kazi mbili: hufuta namba, kisha hubadilisha rangi. Kwa hiyo mtu mwema anayepiga msasa bila kumjulisha yeyote hufanana na mwizi pasipo kukusudia. Tunawaomba mambo matatu. Kwanza, kabla ya kazi, pigeni picha boti nzima na namba yake, na mjulishe kamati ya ufukwe. Pili, namba iliyochongwa au kubandikwa na kiwanda msiiguse kwa msasa. Tatu, namba ya usajili iandikwe upya pande zote mbili za omo, kwa rangi inayotofautiana na ubavu, kubwa kiasi cha kusomeka kutoka mbali. Nakala za karatasi zikae botini, ndani ya mfuko usiopenya maji. Wenye mitumbwi ya mbao nao ombi hili linawahusu.

Wakati wa kazi hii upo. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Tunajua siku za namna hiyo ni nzito kwa familia. Hata hivyo boti ikiwa nchi kavu katika kiangazi, hakuna saa iliyo bora ya kuitazama kuanzia omo hadi shetri.

Ndugu zetu, sisi hatupendi kumzuia mtu ambaye samaki wake wanangojwa nyumbani. Ipeni boti ngozi nzima na namba inayosomeka; tutakapokutana usiku majini, taa yetu itamulika ubavu, tutasoma, tutapungiana mikono, nanyi mtakwenda zenu kwa amani.