KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Maneno ya karani mmoja mbele ya wazee, walimu na wazazi wa Meru na Arusha

Najua ya kuwa wengine mmetoka mbali, Ngarenanyuki ambako mavumbi ni mengi, wengine Poli na Akheri katikati ya migomba, na wengine mjini Arusha penyewe. Kwa hiyo sitawapotezea wakati kwa maneno ya bure.

Habari niliyo nayo ni ya mdudu aliye kadiri ya punje ya ufuta. Huenda mtu akacheka akisikia ya kuwa watu wazima wamekutana kwa ajili ya chawa. Lakini mwulizeni mwalimu yeyote. Mtoto ajikunaye mchana kutwa hasikii somo. Akosaye usingizi usiku husinzia darasani. Na achekwaye na wenzake huanza kuichukia shule yenyewe. Jambo linalomtoa mtoto shuleni si dogo, hata kama mletaji wake ni mdogo.

Mimi si mganga. Mimi ni karani, na kazi ya karani ni kuweka hesabu. Basi nataka leo tumfanyie chawa hesabu, maana shida yetu si kwamba hatujui kumwua. Twamwua kila siku. Shida yetu ni kwamba baada ya majuma mawili yupo tena, na mama huuliza, "Huyu ametoka wapi?"

Kwanza yafaa tumjue. Chawa wa kichwa hana mabawa, wala hana miguu ya kurukia kama kiroboto. Ana miguu sita yenye makucha ya kushikia unywele, na mwendo wake ni kutambaa tu. Chakula chake ni damu ya mwanadamu, hataki ya mbuzi wala ya mbwa. Akianguka kutoka kichwani hufa kwa njaa katika muda wa siku moja au mbili. Kwa sababu hiyo hazaliwi na mavumbi wala na jasho, wala haletwi na upepo. Hutoka kichwa hata kichwa, vichwa vikigusana. Tena hachagui: kichwa kilichooshwa asubuhi na kichwa kisichooshwa kwake ni sawa. Hata maji hayamwui, kwa maana akizamishwa huziba matundu ya pumzi yake akangoja saa kadhaa.

Sasa fikirini habari za nyumba zetu. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya mlima inaposhuka, watoto watatu hulala kitanda kimoja chini ya blanketi moja. Darasani hukaa bega kwa bega juu ya dawati moja na kusoma kitabu kimoja. Wakati wa likizo wasichana husukana, kichwa cha mmoja mapajani mwa mwenzake. Hizo ndizo barabara za chawa. Mahali ambapo watoto wanapendana na kukaribiana, chawa hupata njia. Si alama ya uchafu, wala si alama ya mama mvivu.

Yafaa pia tusimchanganye na ndugu yake, chawa wa nguo, akaaye katika mishono ya nguo zisizofuliwa. Huyo ni mwuaji. Mwaka 1909 daktari Mfaransa, Charles Nicolle, akiwa mjini Tunis, alionyesha ya kuwa chawa wa nguo ndiye aenezaye homa kali iitwayo taifasi, na mwaka 1928 akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Wala si habari ya mbali: mwaka 1997, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jirani zetu wa Burundi waliugua homa hiyo kwa makumi ya maelfu katika makambi ya wakimbizi. Chawa wa kichwa hahesabiwi kuwa mwenezaji wa homa hiyo. Madhara yake ni mwasho, vidonda vya kujikuna viingiavyo usaha, kukosa usingizi, na aibu. Basi tumpige vita kwa kadiri yake, bila hofu iliyopita kiasi.

Haya, sasa hesabu. Jike mmoja huweza kutaga mayai 8 kwa siku, akayagandisha kwa gundi kwenye shina la unywele karibu na ngozi. Huweza kuishi kichwani siku 30. Mayai 8 mara siku 30 ni 240, ingawa si yote yatakayoanguliwa. Yai huanguliwa baada ya siku 7 hata 10. Mtoto wa chawa hukua kwa siku 9 hata 12, kisha naye huanza kutaga. Angalieni basi mama amwoshaye mwanawe dawa Jumapili na kuwaua wote watambaao. Mayai hayakufa, kwa sababu dawa nyingi haziui yai vizuri. Jumapili ya pili yameanguliwa. Jumapili ya nne wapya wanataga. Mama husema, "Chawa wamerudi." La, mama, hawakurudi, kwa kuwa hawakuondoka.

Njia ya pili ya kurudi kwao ni hii. Shule nyingi za serikali huwataka wavulana na wasichana wawe na nywele fupi, na ni kweli kwamba kichwa kilichonyolewa hakina mahali pa chawa kutagia. Lakini aliyenyolewa ni mwanafunzi tu. Nyumbani yupo dada mkubwa mwenye misuko, yupo mama mwenye kilemba, yupo bibi anayelala na wajukuu wake, yupo na mdogo ambaye hajaanza shule. Nywele za mwanafunzi zikiota, chawa huhama kutoka kwa bibi. Tumemfukuza kwenye kibanda kimoja, na boma zima tumemwachia.

Watu wengi, wakiona amerudi mara ya tatu, hutafuta kitu kikali zaidi. Wazazi wangu, hapa nawasihi sana. Sisi tunakaa katika nchi ya kahawa, ya mboga, ya maua na ya ng'ombe, na dawa za kunyunyizia mashamba na dawa za josho hazikosekani majumbani. Dawa hizo ni sumu, na nyingine hupenya ngozi ya kichwa na kuingia mwilini. Mtoto huanza kutoka mate mengi na jasho, kutapika, kutetemeka, kupumua kwa shida; naye aweza kufa. Dawa iliyoandikishwa kwa ajili ya mimea haikuandikishwa kwa ajili ya kichwa cha mtoto. Na mafuta ya taa yameunguza ngozi za watoto, na yakikaribia moto huwaka. Ikiwa mtu amekwisha kumpaka mtoto sumu ya shamba, amvue nguo, amwoshe upesi kwa maji mengi na sabuni, ampeleke hospitali pamoja na chupa ya dawa ile.

Wala ukali wa sumu hauleti ushindi wa daima. Katika majira ya baridi ya 1943 na 1944 watu wa Naples, Italia, walinyunyiziwa unga wa DDT, na taifasi ikazimwa. Dunia ikadhani chawa amekwisha. Haikupita miaka kumi, kule Korea walionekana chawa wa nguo wasiojali tena DDT. Na leo, katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani, chawa wa kichwa wameizoea permethrin iliyokuwa dawa kubwa ya kuwaua.

Basi tufanye nini? Ipo silaha ya zamani kuliko dawa zote, nayo ni kitana. Katika magofu ya mji wa Lakishi, ambao wasomaji wa Agano la Kale wanaujua, wataalamu walipata kitana kidogo cha pembe ya ndovu chenye umri wa miaka kama 3,700. Mwaka 2022 walitangaza ya kuwa wamesoma maandishi yaliyochorwa juu yake, nayo ni maombi kwamba kitana hicho kiondoe chawa wa nywele na ndevu. Watu wale waliokijua kitana walikijua vema.

Kazi yenyewe ni hii. Osha kichwa, kisha paka mafuta mengi ya nazi au ya kupikia, ili kitana kiteleze na chawa asikimbie upesi. Fumua misuko yote. Chukua kitana chenye meno membamba ya kukaribiana sana, ukiguse ngozini, ukivute hata ncha ya nywele, fungu kwa fungu. Kila mara kifute kwenye kitambaa cheupe, uwaone uliowapata. Nywele zilizojikunja sana hutaka subira na mafungu madogo; zikikataa kitana, zipunguzwe. Maji hayahitajiwi mengi, na hili lafaa kwa ndugu zetu wa upande mkavu. Hata yale maji yenye floridi nyingi ya Ngarenanyuki na Maji ya Chai, yanayotia meno ya watoto rangi ya kahawia yakinywewa, kwa kazi hii hayana neno.

Na siku ziwe hizi. Wale wa karibu na Tengeru wanunue kitana gulioni Jumamosi, waanze Jumapili. Hiyo ndiyo siku ya 1. Warudie siku ya 5, Alhamisi. Siku ya 9, Jumatatu. Na siku ya 13, Ijumaa. Siku ya 17, Jumanne, ni ya kukagua. Sababu yake ni hesabu ile ile: kila yai litakaloanguliwa, mtoto wake atakutwa na kitana kabla hajafikia umri wa kutaga. Mkiruka siku moja, hesabu imeharibika, anzeni upya. Aliyepewa dawa hospitalini naye afuate siku alizoandikiwa, kwa maana dawa nyingi hurudiwa baada ya siku 7 hata 10. Kofia, vitambaa na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, au yawekwe kando siku mbili. Hapana haja ya kunyunyiza sumu nyumbani.

Katika kunyoa nina neno moja. Wembe mmoja usipite vichwa viwili. Wembe huweza kubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini, na mashine isiyosafishwa hueneza mapunye. Na mapunye si chawa: ni ukungu wa ngozi, hufanya mabaka ya mviringo yaliyopotewa na nywele na yenye magamba. Kunyoa hakuyaponyi, wala kitana. Mtoto huyo apelekwe zahanati, apewe vidonge, avimeze kwa majuma aliyoambiwa.

Sasa nasema na walimu. Ukimwona mtoto ana chawa leo, jua kwamba huenda amekuwa nao mwezi mzima, kwa sababu anayewapata mara ya kwanza huchukua majuma 4 hata 6 kabla ya kuanza kuwashwa. Muda huo wote ameketi na wenzake. Kumfukuza leo hakuwakingi. Kunampotezea masomo tu. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani nacho kimeshauri kwamba mtoto asitolewe shuleni kwa sababu ya chawa. Basi msimsimamishe mbele ya gwaride, wala msimtaje. Aliyeaibishwa atawaficha, na mficha maradhi kifo humwumbua. Watoto wote wakaguliwe kimya kimya, mmoja mmoja, na kila mzazi apelekewe habari kwa siri.

Mwisho nasema na washili na malaigwanani, kwa maana ninyi mkisema watu husikia. Wazee wetu hawakuchimba mifereji ya maji ya mlima huu mtu mmoja mmoja. Walitoka pamoja siku moja, na asiyefika aliulizwa. Nawaomba kazi hii iwe vivyo hivyo: kila kijiji kichague Jumapili moja, na nyumba zote zenye watoto zianze siku hiyo hiyo, bibi na babu wakiwamo. Nyumba iliyo safi kati ya nyumba tano zisizochana ni safi kwa majuma mawili tu. Na nyumba isiyoweza kununua kitana iazimwe na jirani, kikiisha kuchemshwa.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Walimwona mdudu huyu kwa macho yao kabla hatujamwandika vitabuni, na walijua ya kuwa hufa kwa kucha mbili zikikutana. Kucha moja ni nyumba, ya pili ni shule. Siku ya 17 walimu watafungua madaftari, nasi tutajua hesabu imetimia ama haikutimia.